Kumpeleka farasi jike kwa dume: mwongozo kamili kwa masaisi na wafugaji wa nyanda za juu za Kenya

Kila mwaka maswali yanayonifikia ni yaleyale. Jike amepelekwa kwa dume, ada imelipwa, amerudishwa nyumbani, na miezi mitatu baadaye daktari anasema tumbo ni tupu. Lawama zote zinamwangukia dume. Mara nyingi dume hana kosa. Jike alifika siku isiyo yake, au alifika na uchafu kwenye kizazi, au alishika mimba ikaporomoka mapema bila mtu kujua kwa sababu hakuna aliyemwangalia.

Mwongozo huu ni wa upandishaji wa kawaida, dume na jike ana kwa ana. Nimeuandika nikifikiria Naivasha, Nakuru, Molo, Nanyuki na Timau, maeneo yaliyokuwa ya walowezi. Anayefuga kwingine abadilishe miezi. Mambo mengine ni yaleyale.

## Kabla ya yote, zima taa

Miongozo mingi ya mtandaoni imeandikwa Uingereza, Ireland au Marekani. Kwao siku za baridi ni fupi, na jike huacha kuingia kwenye joto, yaani siku anazomtaka dume, mpaka mwanga urudi. Ndiyo maana wanashauriwa kuwasha taa bandani hadi mwanga ufike saa 16 kwa siku. Nanyuki iko kwenye mstari wa ikweta. Mchana wetu ni wa takriban saa 12 Januari hadi Desemba, na jike mwenye afya huendelea na mizunguko yake mwaka mzima. Taa hapa zinaongeza bili ya umeme tu.

Kinachomsukuma jike wetu ni chakula. Anashika vizuri wakati mwili wake unaongezeka, yaani mvua imenyesha na majani yamerudi. Mimi hupendelea katikati ya Mei. Mimba ya farasi huchukua wastani wa siku 340, kwa hiyo aliyepandwa Mei 15 atazaa karibu na Aprili 20, majani yakiwa mengi na maziwa yakiwepo. Ubaya wake ni kwamba mvua ndiyo huleta visubi, na visubi ndio wanaoeneza maradhi ya farasi ya Afrika. Ukichagua miezi hiyo, mama na mtoto walale bandani tangu kabla ya jua kuzama hadi litakapopanda, na chanjo ya mama iwe imekamilika kabla hajapandwa.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari na kalenda. Simu inatosha, mradi saisi na mwenye farasi wote wanaiona.
- Ukuta imara au geti la mbao nene, refu kufika kifuani mwa farasi, lisilo na mianya ya kuingiza mguu.
- Hatamu ngumu na kamba ndefu mbili. Za nailoni huchoma mikono, kwa hiyo vaa glavu.
- Lijamu kwa ajili ya dume.
- Bendeji safi ya kufunga mkia.
- Ndoo mbili, maji safi ya vuguvugu, sabuni isiyo kali, pamba nyingi na taulo za karatasi.
- Kofia ngumu na viatu vigumu kwa kila mtu atakayeshika farasi.
- Uwanja wa wazi usioteleza, wenye nyasi au mchanga. Sakafu ya simenti haifai.
- Namba ya daktari wa mifugo mwenye mashine ya skani na uzoefu wa farasi. Mtafute kabla ya kumtafuta dume.

## Hatua ya 1: Jua kalenda ya jike wako

Anza angalau wiki 6 kabla ya mwezi uliouchagua. Mzunguko wa jike ni wa takriban siku 21. Kati ya hizo, siku 5 hadi 7 yuko kwenye joto, na zilizobaki hataki kumwona dume. Yai hutoka mwishoni mwa joto, kwa kawaida saa 24 hadi 48 kabla halijaisha. Hapo ndipo wengi wanapopotea: wanaona dalili leo, wanatafuta lori leo, wanapandisha kesho asubuhi, kisha wanarudi nyumbani wameridhika. Yai linatoka siku nne baadaye na mbegu zimeshakufa.

Mpitishe karibu na farasi dume kila siku, au kila baada ya siku moja, ukuta ukiwa katikati. Kama huna dume, tazama anavyojiweka mbele ya farasi wengine, ingawa dalili zake zitakuwa hafifu.

Aliye kwenye joto huinua mkia na kuusogeza pembeni, hupanua miguu ya nyuma, hukojoa kidogo kidogo, na midomo ya uke hufunguka na kufumba mara kwa mara. Asiye kwenye joto hulaza masikio nyuma, hupiga kelele na kurusha teke ukutani.

Wapo wakimya. Jike mwenye mtoto mdogo huficha joto kwa sababu akili yake iko kwa mtoto. Jike mgeni kwenye kundi naye huficha. Hao usiwakisie. Mwite daktari awapime kwa skani.

Umefanikiwa ukiwa na mizunguko miwili mfululizo kwenye daftari, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na unaweza kutabiri wa tatu bila kukosea zaidi ya siku mbili.

Onyo dogo kwa wenye punda wa mikokoteni shambani: jike aliye kwenye joto asilishwe pamoja na punda dume. Utapata nyumbu wa kufugwa, na hana nafasi kwenye kitabu cha nasaba, yaani rejista ya ukoo wa farasi.

## Hatua ya 2: Mkague kabla ya kutumia hela ya dume

Mwili kwanza. Ukipitisha mkono ubavuni usikie mbavu bila kuziona. Aliyekonda mpe wiki nane za lishe na dawa ya minyoo. Aliyenenepa kupita kiasi naye ana shida zake, ila kwa mashamba yetu tatizo la kawaida ni wembamba mwishoni mwa kiangazi.

Umri: subiri afike miaka 3, na 4 ni bora. Kuanzia takriban miaka 15 uwezo wa kushika unashuka, hasa kwa asiyewahi kuzaa.

Kisha daktari. Mwombe mambo matatu: atazame umbo la uke kama linafunga vizuri, achukue sampuli ya kizazi kwa pamba ikapimwe bakteria na usaha, na apime ovari kwa skani. Jike wa mbio aliyestaafu mara nyingi ameshonwa sehemu ya juu ya uke ili hewa na kinyesi visiingie. Mshono huo lazima ufunguliwe kabla hajapandwa, vinginevyo atachanika na dume ataumia. Linasahaulika kuliko unavyodhani, kwa sababu aliyemnunua hakuambiwa.

Majibu ya sampuli yakionyesha maambukizi, ahirisha. Atibiwe, asubiri mzunguko mwingine, apimwe tena. Kumpandisha jike mchafu ni kuchafua dume na majike wote watakaomfuata.

Kuhusu chanjo, pepopunda, kichaa cha mbwa na maradhi ya farasi ya Afrika zipangwe sasa akiwa mtupu. Chanjo ya maradhi ya farasi ya Afrika inayotumika zaidi ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na jike mwenye mimba changa hapaswi kuchomwa kiholela.

## Hatua ya 3: Chagua dume, karatasi kwanza

Watu huenda kumtazama dume akiwa amepigwa brashi, anarukaruka kwenye kamba, wanapenda, wanalipa. Anza na karatasi.

Uliza majike wangapi aliwapanda msimu uliopita, na wangapi walithibitishwa kwa skani kuwa na mimba. Mwenye shamba makini atakuwa na daftari. Hata kwa dume mzuri na jike mzima, mzunguko mmoja hushika takriban mara 6 katika 10, kwa hiyo anayekuambia dume wake hakosi anakuuzia maneno.

Uliza vipimo vya magonjwa ya kuambukiza ya farasi, hasa ya zinaa. Durini (ugonjwa wa vimelea unaoenezwa kwa kupandana), upungufu wa damu wa kuambukiza, na maambukizi ya bakteria kwenye uume ndivyo vya kuulizia. Taka karatasi ya maabara yenye tarehe ya msimu huu.

Tazama nasaba. Farasi wetu ni wachache na damu inajirudia. Linganisha vizazi vitatu vya pande zote mbili. Jina moja likitokea kwa baba wa baba na kwa baba wa mama, fikiri tena.

Kama unataka mtoto aandikwe kama Thoroughbred wa mbio, upandishaji wa kawaida ndio njia pekee. Vitabu vya nasaba vya Thoroughbred duniani kote havikubali mtoto wa uhamilishaji wa mbegu.

Sasa nenda kamtazame. Miguu iliyonyooka, kwato nzuri, macho tulivu. Angalia hasa anavyomtii saisi wake. Dume anayemuuma saisi kwenye banda lake mwenyewe atamuumiza jike wako uwanjani, na tabia hiyo inaweza kuja kwa mtoto pia.

## Hatua ya 4: Andikianeni

Katika New Zealand na Australia za karne ya 19, dume alitembezwa shamba hadi shamba na saisi wake, na ratiba yake ikatangazwa gazetini pamoja na ada. Kwetu leo jike ndiye anayesafiri, lakini masharti ni ndugu wa yale ya zamani: ada ya dume, pesa ya malisho, na kifungu kimoja kinachosema jike yuko shambani kwa hatari ya mwenyewe. Kifungu hicho kisome mara mbili. Maana yake ni kwamba akivunjika mguu, hasara ni yako.

Mkataba wa ukurasa mmoja ujibu haya:

- Ada ni kiasi gani, na inalipwa lini: kabla, akithibitishwa mimba, au mtoto akizaliwa?
- Malisho ni shilingi ngapi kwa siku, na je, hesabu inaanza siku ya kuingia au ya kupandwa?
- Daktari na skani ni juu ya nani?
- Asiposhika, je, unarudi bure mzunguko unaofuata, msimu ujao, au ada imekwenda?
- “Mtoto hai” maana yake nini? Kawaida ni mtoto aliyesimama na kunyonya, lakini wengine huweka saa 24 na wengine saa 48. Iandikwe.
- Dume akifa au akiuzwa itakuwaje?

Makubaliano ya mdomo huwa matamu mpaka mimba itoke.

## Hatua ya 5: Safari

Jike afike siku 7 hadi 10 kabla ya joto linalotarajiwa. Anahitaji kuzoea maji, majani na majirani, na lori lenyewe ni mshtuko. Chukua kibali cha kusafirisha mifugo kutoka ofisi ya mifugo ya eneo lako. Mng'oe viatu vya chuma vya nyuma kabla hajaondoka nyumbani.

Mpe saisi wa kule nakala ya daftari lako la joto, tabia zake, na chakula chake cha siku mbili tatu ili abadilishiwe polepole. Tumbo la farasi halipendi ghafla.

## Hatua ya 6: Kumjaribu ukutani

Hata kama daftari linasema yuko tayari, ajaribiwe. Mmoja anamleta dume upande mmoja wa ukuta, mwingine ameshika jike upande wa pili. Waanze pua kwa pua, kisha jike ageuzwe ubavu.

Usitoe uamuzi kwa dakika ya kwanza. Majike wengi hupiga kelele mwanzoni hata wakiwa kwenye joto. Mpe dakika tano. Akitulia, akaegemea ukuta na kuinua mkia, andika “siku ya 1”. Akiendelea kurusha mateke, mrudishe bandani, mjaribu tena kesho. Kumlazimisha jike asiye tayari ndiyo njia ya haraka ya kupoteza dume.

## Hatua ya 7: Siku ya kupandisha

Ratiba. Kama hakuna skani, panda siku ya 2 au ya 3 ya joto, kisha kila baada ya saa 48 mpaka atakapokataa. Mbegu huishi kama siku mbili ndani ya jike, kwa hiyo mpango huo hauachi pengo. Kama skani ipo, daktari atasubiri kifuko cha yai kifike takriban milimita 35 na kuanza kulainika, na anaweza kumchoma sindano ya kuharakisha yai. Hapo mara moja inatosha, na dume hachoki.

Maandalizi. Funga mkia kwa bendeji kuanzia juu, sentimita 30 hivi. Osha uke na matako kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kutoka katikati kwenda nje. Pamba iliyogusa nje isirudi ndani. Suuza mpaka sabuni iishe, kausha. Dume aoshwe kwa maji safi peke yake. Dawa kali za kuua vijidudu huua mbegu, na zikitumiwa kila siku hufukuza bakteria wa kawaida wa ngozi na kuwapisha wabaya.

Watu. Watatu wanatosha: wa jike, wa dume, na mmoja wa kusogeza mkia. Watazamaji na simu zao wakae nje ya uzio. Wa jike na wa dume wasimame upande mmoja, kushoto, siku zote. Ukisimama kulia na mwenzako kushoto, farasi wakigeuka mmoja wenu atabanwa katikati.

Jike mwenye mtoto: mtoto ashikwe mbele, mama amwone. Akifichwa, mama hatasimama.

Tendo lenyewe. Dume aletwe kwa pembeni, kutoka kushoto kwa jike, si moja kwa moja nyuma. Anusie ubavu, kisha nyonga. Asiruhusiwe kupanda kabla hajawa tayari kabisa. Mrudishe hatua tatu, subiri. Saisi mzuri utamjua hapa: kamba haijakaza wala haijalegea, sauti iko chini, na anatazama masikio ya jike kuliko anavyomtazama dume wake. Masikio ya jike yakilala nyuma, anamwondoa dume kabla teke halijaja.

Akishapanda, mtu wa tatu asogeze mkia pembeni. Tazama mkia wa dume karibu na shina lake: mbegu zinapotoka, unapanda na kushuka kama mpini wa pampu ya kisima. Usipouona, hesabu kwamba bado. Wengi huandika “amepandwa” kwa sababu tu dume alipanda na kushuka.

Anaposhuka, kichwa cha jike kigeuzwe kushoto, kuelekea kwa aliyemshika. Matako yake yatazunguka kwenda mbali na dume, na teke la kuagana litapiga hewa.

Umefanikiwa ukiona mkia ukipiga, dume ametulia, jike hatoki damu. Damu mbichi ukeni ni dharura: mwite daktari, na usimpandishe tena hadi aseme.

Andika tarehe, saa, na jina la dume palepale.

## Hatua ya 8: Baada ya kupandwa

Kuna mazoea ya zamani ya kummwagia jike maji baridi mgongoni au kumkimbiza asikojoe. Acha. Kwa farasi mbegu huingia moja kwa moja kwenye mfuko wa uzazi, na mkojo hauzitoi. Mtembeze polepole, mrudishe bandani.

Jike mzee, au aliyewahi kuwa na maambukizi, apimwe kwa skani kesho yake. Baadhi hubakiza maji ndani ya kizazi baada ya kupandwa, na maji hayo huua mimba. Yana dawa, ikiwahi.

## Hatua ya 9: Kupima mimba, mara tatu

Hapa ndipo fedha nyingi zinapotea, kwa hiyo soma taratibu.

Siku ya 14 hadi 16, ukihesabu tangu kupandwa mara ya mwisho. Skani ya kwanza. Isipite, hata kama usafiri wa daktari ni ghali. Daktari anatafuta mimba, na anatafuta mapacha. Mapacha wa farasi karibu kila mara huishia kutoka, wengine mimba ikiwa kubwa na kumhatarisha mama. Siku hizo bado vifuko vinatembea ndani ya kizazi, na daktari anaweza kukibonyeza kimoja akaacha kingine. Vikishajishikiza pamoja, kazi inakuwa ngumu.

Siku ya 18 hadi 21. Mrudishe ukutani kwa dume. Akikataa, ni dalili njema, ingawa si uthibitisho.

Siku ya 25 hadi 28. Skani ya pili, mapigo ya moyo yaonekane.

Kabla ya siku ya 45, moja zaidi. Sababu ni hii: kuanzia takriban siku ya 35 mimba hujenga vifundo kwenye ukuta wa kizazi vinavyotoa homoni. Mimba ikifa baada ya hapo, vifundo hubaki vikifanya kazi, na jike anaweza kukaa hadi karibu siku ya 120 bila kurudi kwenye joto la kawaida. Kwa nje ataonekana ana mimba. Yule jike wa “miezi mitatu, tumbo tupu” niliyemtaja mwanzoni mara nyingi ni huyu.

Dhibiti safari katika kipindi hiki. Kama ni lazima arudi nyumbani, arudi baada ya skani ya mapigo ya moyo, asubuhi na mapema, kwa mwendo wa taratibu.

## Asiposhika

Mzunguko mmoja mtupu si habari kubwa. Rudia ukiwa na skani ya kutazama yai.

Miwili mitupu: rudisha sampuli ya kizazi maabara, na uliza majike wengine wa dume huyo wana hali gani msimu huu. Kama nao ni watupu, mbegu zake zichunguzwe. Homa kali inaweza kuharibu mbegu za dume kwa wiki kadhaa, hata akiwa anaonekana mzima na mwenye hamu.

Mitatu mitupu na majike wengine wa dume huyo wana mimba: tatizo liko kwa jike. Daktari anaweza kukata kipande kidogo cha ukuta wa kizazi kikachunguzwe maabara. Majibu mabaya yanauma, lakini yanakuokolea ada ya msimu ujao na malisho ya miezi.

Akishika, mjulishe mwenye dume kwa maandishi ndani ya muda wa mkataba, ambatisha picha ya skani, na udai cheti cha kupandishwa chenye tarehe zote na sahihi yake. Usisubiri mtoto azaliwe. Dume anaweza kuuzwa, shamba likabadilisha meneja, na daftari likapotea. Mtoto asiye na cheti hicho hataandikwa kwenye kitabu cha nasaba, hata kama baba yake anajulikana kuanzia Molo hadi Timau.